Msidiskasi pepa kabla hamjamaliza mtihani wa kuongea

Swali lenu la wiki hii linauliza kama kulinganisha majibu na wenzako baada ya mtihani kunasaidia au kunaumiza. Mimi niko hapa Dodoma, Area C, nasaidia vijana wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wengi manesi wanaotaka kwenda kufanya kazi Uingereza na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaotafuta masta nje, na jibu langu ni kwamba sehemu ya kuongea ikishaisha diskasini mpaka mchoke, ila kabla ya hapo jamani hapana.

Kwa wasioujua huu mtihani, unaanza kusikiliza, kusoma na kuandika mfululizo, halafu kuongea ndo kuko peke yake, wewe na msahihishaji dakika 11 mpaka 14, na inaweza kuwa mchana wa siku hiyohiyo au hata siku nyingine kabisa. Sasa hilo pengo la katikati ndo watu wanaumizana.

Kuna dada mmoja nesi wa Singida, Kiingereza anaongea vizuri tu, walitoka ukumbini kule Dar wakasimama nje kwenye kivuli wakaanza, eti lile swali la kusikiliza, la muda wa kukutana, umeandika saa ngapi, wenzake watatu wakasema saa tatu yeye peke yake kaandika saa nne kasoro robo, basi akaanza kuhesabu kwa vidole mengine aliyokosa. Alipoingia kuongea akaulizwa habari za kwao, kitu ambacho tukiwa darasani anaelezea mpaka unamwambia inatosha dada, siku hiyo katoa sentensi mbili kanyamaza. Matokeo yametoka, kusikiliza bendi 7.5, kuongea 6 (bendi ndo alama za mtihani huu, ya juu kabisa ni 9). Na baraza la manesi la Uingereza, NMC, linataka 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 kuandika. Iliniuma sana, kwa sababu Kiingereza chake hakikuwa na tatizo lolote.

Na watatu kukubaliana haimaanishi wako sahihi. Kwenye kusikiliza wanapenda mtego huu, mtu anasema tukutane saa tatu, halafu anajirekebisha, hapana tuseme saa nne kasoro robo. Waliodaka ile ya kwanza wote watakubaliana kwa sababu wamenasa pamoja, na aliyesikiliza mpaka mwisho ndo anabaki peke yake anaonekana kakosea. Hata kwenye kusoma ni hivyohivyo, yale maswali ya kweli, si kweli au haijatajwa, anayeongea kwa sauti ya kujiamini anawabeba wote.

Halafu tuangalie hesabu yenyewe, kusikiliza ni maswali 40, ukipata kama 30 uko kwenye bendi 7, kama 35 ni bendi 8, inapanda na kushuka kidogo kulingana na pepa, na ukikosa hawakukati maksi. Yani unaweza kukosa maswali kumi na bado ukawa pale pale unapopataka, sasa swali moja linakukosesha raha ya nini? Insha ndo kabisa hazilinganishwi, kila mtu kaandika yake.

Kitu kingine, kuna kanuni unakubaliana nazo kabla ya kufanya, maswali hayatakiwi kusambazwa, kwa hiyo wale wanaotoka tu wanaanza kuyatupia kwenye grupu la WhatsApp wajue wanaweza kunyimwa matokeo.

Wakishamaliza vyote wako kwenye SGR wanarudi, hapo sawa, na mi nawaambia ongeeni ni nini kilikupoteza, ulichelewa kusoma swali, lafudhi ilikuchanganya, uliganda kwenye namba moja wakati sauti inaendelea. Hayo yanamsaidia hata anayerudia. Nani kapata nani kakosa mwachieni msahihishaji.

Na nyie wazazi, kaka, shemeji, mabosi, naomba sana msipige simu saa saba mchana kuuliza "vipi, pepa ilikuwaje, umejibu yote?" Mtoto bado ana saa mbili aingie kuongea. Mwulizeni kala nini, mtumieni hela ya soda, hayo mengine mtauliza jioni akishatoka.