Ukinunua ThinkPad ya zamani, bonyeza F1 kwanza

Kazi yangu ni kufunga mitandao Dar es Salaam, na kwenye begi langu haikosekani ThinkPad T23, kompyuta mpakato ya IBM ya mwaka 2001. Tukikuta ruta kongwe inayotaka waya wa siriali, ule wa zamani wa pini tisa, wenzangu huanza kutafuta viunganishi vya USB. Mimi nachomeka waya nyuma ya mashine, kazi inaanza. Ndiyo maana wengi huniuliza wanunueje ya kwao.

Kabla hujauliza bei, iwashe na ubonyeze F1. Ikifungua mipangilio ya ndani, endelea. Ikidai nywila na muuzaji haijui, mrudishie mashine yake. Niliwahi kununua moja Kariakoo, safi kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo. Muuzaji akaniambia nywila ni jambo dogo, toa tu ile betri ndogo ya saa. Nikaitoa, nikaiacha nje usiku kucha. Asubuhi kufuli lile lile likatokea kwenye kioo. Nywila ya kuwashia hufutika hivyo, lakini ya msimamizi huandikwa kwenye chipu isiyohitaji betri kutunza kumbukumbu, na maelekezo ya IBM ni kubadilisha bodi kuu nzima. Pesa yangu ikawa imeishia kwenye spea.

Kisha shika kile kinundu chekundu cha kusogezea mshale, kati ya herufi G, H na B. Kimekuwapo tangu ThinkPad 700C ya Oktoba 1992, na ni matunda ya utafiti wa Ted Selker wa IBM, aliyetaka mkono usiondoke kwenye kibodi. Mshale ukitembea wenyewe usiseme mbovu: ondoa kidole, subiri sekunde chache, kitajirekebisha. Kofia yake ya mpira ikilika, unavua na kuvika nyingine.

Richard Sapper, aliyebuni umbo la hiyo 700C, alifuata kisanduku cheusi cha chakula cha Wajapani: nje kimya, mambo yote ndani. Ukiifungua T23 utamwelewa.

Na kuifungua ni lazima, maana vumbi la miaka yote hiyo limejaa kwenye feni. Pakua kwanza mwongozo wa matengenezo wa IBM. Skrubu zake zimetajwa kwa urefu, na hapo ndipo wengi huharibu: ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa hadi kwenye bodi. Mimi hutumia trei ya mayai, kila hatua shimo lake, nikirudisha naanza na shimo la mwisho.

Betri kubwa usiilipie chochote, kwa umri huo imeshachoka. Chaja ndiyo ya kuidai. T23 inataka volti 16, ilhali za Lenovo, kampuni iliyonunua ThinkPad kutoka IBM, kuanzia T60 ni volti 20, kwa hiyo soma kibandiko mwenyewe, usikubali kuambiwa "zote ni za ThinkPad".

Ukishatoka salama hapo, geuza mashine uangalie poti ya siriali yenye pini tisa. Pini iliyopinda inyooshe taratibu kwa kibano chembamba. Ikikatika, sababu yangu ya kuibeba mashine hii imekwisha.