Koroga kwanza, ndipo uchote

Marehemu mama yangu alikuwa mchuuzi wa machungwa hapa Tanga. Msimu ukifika alikuwa anakwenda Muheza alfajiri, ananunua kwa tenga, anarudi kuuza Ngamiani. Siku moja, nikiwa Kidato cha Tatu, mguu ulimuuma akanituma mimi. Nilipofika muuzaji akanifungulia tenga. Nikashika machungwa sita ya juu, nikayaminya, moja akanikatia nikaonja. Tamu, maji tele. Nikalipia matenga manne.

Nyumbani mama aliyamwaga kwenye mkeka. Tabaka la juu la kila tenga lilikuwa vile vile nilivyoona. Chini yake yalitoka machungwa madogo, mengine ya kijani kabisa, mengine yameanza kuoza upande. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umeonja juu ya tenga. Chini yake hujaonja."

Wiki hiyo hiyo shuleni tulikuwa kwenye mada ya takwimu. Nilitafuta wastani wa namba 20 bila kosa, nikachora chati, nikapata alama zote. Wala hakuna aliyeniambia kwamba yale machungwa sita niliyoyaminya Muheza yalikuwa sampuli, kwamba matenga manne yalikuwa ndiyo kundi zima nililotaka kulijua, na kwamba mama alikuwa amenieleza kwa sentensi mbili kosa kubwa kuliko yote katika kazi ya takwimu.

Leo mimi ni mwalimu wa hisabati. Naandika haya kwa walimu wenzangu, kwa mzazi anayekaa na mwanawe mezani jioni, na kwa mwanafunzi anayesoma peke yake. Ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kanuni yoyote, mtoto achote sampuli kwa mkono wake mwenyewe, mara nyingi, aone majibu yanavyobadilika. Miaka yangu ya mwanzo sikufanya hivyo. Nilianza na kanuni ubaoni, wanafunzi wakazikariri vizuri sana, na nilipowauliza kile walichokokotoa kinatuambia nini, darasa zima likanyamaza.

Mahitaji ni madogo. Nunua maharage mekundu na maharage ya njano yanayolingana ukubwa, ili vidole visiweze kuyatofautisha. Hesabu mekundu 300 na ya njano 700, changanya kwenye sufuria. Hayo 1,000 hayafiki kilo. Usiwaambie wanafunzi idadi. Waambie swali: mekundu ni asilimia ngapi ya sufuria hii, na hatuna muda wa kuyahesabu yote?

Kila mmoja afumbe macho, achote maharage 10, ahesabu mekundu, ayarudishe, akoroge, ampe mwenzake. Ubaoni chora mstari wenye namba 0 mpaka 10. Anayepata mekundu 3 anaweka alama ya mkasi juu ya 3, anayepata 4 anaweka juu ya 4, na zikigongana zinapandiana.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa na wanafunzi 40. Wa kwanza akapata 2. Wa pili 5. Wa tatu 3. Binti mmoja aliyekaa dawati la mbele akachota maharage 10, hakuna jekundu hata moja, akataka kurudia kwa kudhani amekosea. Nikamwambia aweke alama yake juu ya 0, ni halali. Nyuma yake kijana akapata 6. Hapo mkono ukanyanyuka: "Mwalimu, sasa nani yuko sahihi?"

Hilo swali nililisubiri miaka mingi bila kujua ninalisubiri. Sufuria ni ile ile, maharage ni yale yale, hakuna aliyedanganya, na bado majibu ni tofauti. Tofauti hiyo si kosa la mtu, ni tabia ya sampuli. Na ina mpangilio: alama za ubaoni zilikuwa zimepanda kama kichuguu, kilele kikiwa karibu na 3, pembeni zikipungua. Mwanafunzi akishakiona kile kichuguu kikikua alama moja moja, na yake mwenyewe imo, huna haja ya kumlazimisha aamini.

Usiishie hapo, kwa sababu sehemu tamu zaidi ndiyo inayofuata. Rudia zoezi, safari hii kila mmoja achote 40, kisha ageuze jibu liwe asilimia. Walipochota 10, majibu yetu yalitapakaa kuanzia asilimia 0 hadi 60. Walipochota 40, kichuguu kilisinyaa, karibu wote wakawa kati ya asilimia 15 na 45. Sampuli imekua mara nne, mtapakao umepungua kama nusu. Ndivyo hesabu zenyewe zinavyosema: ukitaka kupunguza mtapakao uwe nusu, sampuli iongezwe mara nne, si mara mbili. Wanafunzi wengi hubisha mwanzoni. Waache wabishe, kisha wape sufuria.

Sasa kuhusu kukoroga. Kikundi kimoja kilimwaga mekundu mwishoni, juu ya yale ya njano, wakachota bila kukoroga. Kila waliporudia walipata mekundu mengi kupita kiasi, wakawa wana uhakika kwamba yamezidi nusu. Nikawauliza, mkichukua kikombe badala ya kiganja itasaidia? Wakajaribu. Kikombe kilichota juu pale pale, jibu likawa baya vile vile, ila sasa waliliamini zaidi kwa sababu maharage yalikuwa mengi. Nikawasimulia habari ya tenga la Muheza. Darasa lilicheka, kisha likatulia.

Kama unadhani ni mambo ya watoto, tarehe 1 Desemba 1969 serikali ya Marekani ilipiga kura ya nasibu kuamua vijana gani waitwe kwanza jeshini, wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe za kuzaliwa ziliwekwa ndani ya vidonge vya plastiki, mwezi baada ya mwezi, vikatiwa chomboni na havikuchanganywa vya kutosha. Waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wakajikuta wanatoka mapema kupita ilivyotarajiwa. Huko kutokoroga kulihusu maisha ya watu.

Upendeleo wa namna hii, yaani sampuli kuegemea upande mmoja, hujificha zaidi tunapouliza watu. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo wanafunzi wangu wanne waliamua kupima ni wangapi shuleni wanakuja kwa baiskeli. Walisimama getini kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakauliza kila aliyepita mpaka saa moja kasoro. Wakarudi wamefurahi: karibu nusu ya shule! Niliwaomba turudie kwa njia nyingine. Tukachukua madaftari ya mahudhurio, tukampa kila mwanafunzi namba, tukaandika namba kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye ndoo, tukakoroga kwa mikono miwili, tukatoa 60. Wote 60 tuliwatafuta, hata waliokuwa hawapo siku ile tuliwangoja. Ikawa kama robo.

Kwa nini? Wenye baiskeli wanatoka mbali na huwahi ili wapate nafasi ya kuegesha chini ya mwembe. Wanaoishi jirani hutoka nyumbani kengele ikikaribia. Wa daladala ndio wa mwisho kabisa. Kusimama getini alfajiri ni sawa na kuonja juu ya tenga.

Ukubwa wa sampuli hauponyi ugonjwa huu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na miaka ile ya hali ngumu ya uchumi hao walikuwa ni watu wenye nafuu. Tena, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na waliokaa kimya. George Gallup, mpimaji wa maoni ya watu, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alitabiri mshindi sawasawa.

Njia nyingine za kuchagua zisikuchoshe. Unaweza kuchukua kila wa 10 kwenye orodha, ili mradi unaanzia mahali pa nasibu. Unaweza kugawa shule kwa vidato, ukachukua kutoka kila kidato kwa uwiano wake, na hii naipenda pale vidato vinapotofautiana sana. Na kama umehesabu kila mtu, hiyo si sampuli tena, ni sensa, kama ile ya Agosti 2022 iliyotupa watu 61,741,120.

Kabla sijasahau mtawanyiko, maana ndio unaoogopwa kuliko mada zote. Usianze na kanuni ya kipeo cha pili, yaani namba kuzidishwa kwa yenyewe. Anza na wavuvi. Ngarawa ya kwanza kwa siku tano imeleta kilo 20, 21, 19, 20, 20. Ya pili imeleta 2, 45, 8, 40, 5. Jumla zote ni 100, wastani wote ni kilo 20. Muulize mtoto: mama mkaanga samaki mwenye wateja wake wa kila siku aingie mkataba na ngarawa ipi? Atajibu kabla hujamaliza swali. Kile alichokiona kabla ya kukokotoa ndicho mtawanyiko, na wastani peke yake umekificha.

Sasa mwambie apime. Kila siku ya ngarawa ya pili iko umbali gani na 20? Toa: −18, 25, −12, 20, −15. Jumlisha. Ni sifuri, na itakuwa sifuri daima, kwa namba zozote. Mwache ashangae kidogo. Hapo ndipo kipeo cha pili kinapata kazi: kinaondoa alama za kutoa ili umbali usifutane. Vipeo vinakuwa 324, 625, 144, 400, 225, jumla 1,718. Gawa kwa 5, upate 343.6, kisha tafuta kipeuo cha pili chake, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa hiyo, kilo 18 na nusu hivi. Ngarawa ya kwanza kwa njia hiyo hiyo haifiki hata kilo moja.

Wale wanaoendelea mbele watakutana na kugawa kwa 4 badala ya 5, na wengi wanakariri tu. Mweleze hivi: kama siku hizo tano ndizo zote unazozijua na kuzitaka, gawa kwa 5. Kama ni sampuli ya msimu mzima, wastani umetolewa kwenye siku hizo hizo tano, kwa hiyo umekaa karibu nazo kuliko wastani wa kweli wa msimu, na umbali unaonekana mfupi kuliko ulivyo. Kugawa kwa 4 kunarudisha kilichopungua.

Mzazi usiye na hisabati nyingi, sufuria ya maharage inakutosha kabisa. Keti na mtoto, chota naye, umwache akuchoree kichuguu.

Maharage yangu 1,000 nayaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, kabatini mwa ofisi. Yaanike juani siku mbili kabla ya kuyahifadhi, la sivyo wadudu watayabungua. Nayahesabu upya mwanzo wa kila muhula, kwa sababu huwa yanapungua: mengine huviringika chini ya madawati, mengine hubaki mifukoni. Muhula huu nilikuta mekundu 291. Nikatuma mtoto dukani.