Maswali ya Afya: Asiye na mshahara hulipiwa na nani?

SWALI: Mhariri, nauza mboga sokoni. Nasikia nchi za Ulaya Mashariki zilikuwa na matibabu ya bure, kisha zikahamia bima zilipoacha ujamaa. Sisi nasi hapa Kenya tumetoka bima ya zamani ya NHIF tukaingia mpya ya SHA. Wenzetu walikwama wapi, na mtu asiye na mwajiri kama mimi waliniwekea nini?
– Mama Mboga, Kayole

JIBU: Mama, tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo lililowatoa wengi jasho.

Urusi ilipitisha sheria ya bima ya afya mwaka 1991. Waajiri walitozwa asilimia 3.6 ya mishahara: 3.4 kwa mfuko wa jimbo, 0.2 kwa mfuko wa taifa. Watoto, wazee na wasio na kazi walipaswa kulipiwa na serikali za maeneo yao, lakini sheria haikutaja kiasi. Serikali nyingi zikatoa kidogo mno, na pengo likamwangukia mgonjwa.

Cheki walikata asilimia 13.5 ya mshahara, mfanyakazi akitoa 4.5 na mwajiri 9, na serikali ikawalipia wasio na kipato. Hapo walifanya vizuri. Walichokosea ni namna ya kumlipa daktari. Kila tendo lilikuwa na alama zake za malipo, iwe kupima damu au kupiga eksirei, na anayefanya mengi ndiye anayelipwa zaidi. Vipimo vikafurika. Katikati ya miaka ya 1990 taifa hilo la watu milioni 10 lilikuwa na mashirika ya bima zaidi ya 20, na mengi yakaanguka. Mwaka 1997 hospitali zikawekewa bajeti, na daktari wa familia akawa analipwa kwa idadi ya watu waliojiandikisha kwake. Njia hiyo nayo ina kasoro: daktari anaweza kukusukuma haraka hospitali kubwa, kwa kuwa kukutibu mwenyewe hakumwongezei kitu. Ukiilipa hospitali kwa idadi ya vitanda, kama enzi za Sovieti, mgonjwa atalazwa wiki nzima bila sababu. Hakuna njia safi, kwa hiyo lazima pawe na mkaguzi.

Sasa wewe. SHA hukata asilimia 2.75 ya mshahara wa mwajiriwa. Asiye na mshahara huulizwa kuhusu hali ya nyumba yake, kisha hupangiwa kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo, yaani si chini ya 3,600. Kwa anayepata pesa kila jioni, mpango huo ni mzito, na ndio tunaoona unastahili kubadilishwa kwanza. Kwa sasa, jisajili kwa *147#, kisha, ukipangiwa kiwango cha chini, tenga shilingi 10 kila siku: baada ya mwaka una 3,650. Zahanati na kituo cha afya hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Wanachohitaji ni usajili wako tu. Mchango huulizwa unapolazwa.

SWALI: Mbona kila nikienda kliniki natoka na mfuko wa dawa?
– Msomaji, Umoja

JIBU: Angalia pato la kliniki linatoka wapi. China, serikali ilipopunguza ruzuku wakati wa mageuzi ya soko, hospitali ziliruhusiwa kuongeza asilimia 15 juu ya bei ya dawa. Dawa ghali ikawa na faida kubwa kuliko ya bei nafuu, na ongezeko hilo likaja kufutwa hospitali zote za umma mwaka 2017. Muulize daktari kila dawa inatibu nini, na uombe iandikwe kwa jina lake la kitaalamu, si la kampuni, ili duka la dawa likupe ya bei ya chini.