Kronografu au saa ya kuzamia, kwa mwenye fedha ya saa moja

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimeweka akiba ninunue saa moja nzuri ya mkono, isiyo ya bei ya juu. Nimebakiwa na mbili: kronografu (saa yenye vitufe vya kupimia muda) ya betri yenye visaa vitatu vidogo usoni, imeandikwa 50 m, na saa ya kuzamia ya otomatiki (isiyo na betri, hujijaza kwa mwendo wa mkono), imeandikwa 200 m. Naogelea bwawani kila wiki, na kazini nasimamia mitihani, kwa hiyo muda nauhesabu sana. Kwa sura, kronografu ndiyo inayonivutia. Unanishauri nini?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa matumizi uliyoyaeleza, chukua ya kuzamia.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoua saa nyingi zinazoletwa mezani kwangu. Ile 50 m haina maana kwamba unaweza kushuka nayo mita 50. Ni kipimo cha mgandamizo wa maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya na raba zake za kuzuia maji zikiwa nzima. Kuogelea juu juu itavumilia. Lakini kronografu ina matundu matatu ubavuni: la kifundo cha kurekebishia saa na mawili ya vitufe vya kuanzisha na kurudisha sifuri. Kila tundu lina raba yake, na raba huchakaa. Ukibonyeza kitufe ukiwa majini ili ujipime mzunguko mmoja wa bwawa, unaweza kuyafungulia maji njia. Kwa hiyo kazi hasa uliyoinunulia, ya kupima sekunde, ndiyo usiyoweza kuifanya mahali unapoitaka.

Saa ya kuzamia ina tundu moja, na kwa kawaida kifundo chake hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Kama usoni pana neno DIVER'S pamoja na kina chake, mtengenezaji anadai imefuata ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia. Kiwango hicho kinataka angalau mita 100, na kila saa hupimwa moja moja kwa mgandamizo uliozidi ule ulioandikwa kwa asilimia 25. Zipo nyingi zenye sura ya kuzamia tu, zisizo na neno hilo. Zikiwa na 200 m na kifundo cha skrubu zinatosha kabisa kwa bwawa, ila hakikisha umekikaza kabla hujaingia majini.

Sasa mitihani. Watu wengi huiona ile pete ya nje yenye dakika 60 kuwa pambo. Izungushe mpaka pembetatu yake ielekeane na mshale wa dakika, na tangu hapo mshale utakusomea dakika zilizopita. Kwako wewe ipo njia bora zaidi: iweke pembetatu kwenye dakika ambayo mtihani utaisha. Ukiwa wa saa moja na nusu, mshale utaipita pembetatu mara moja kwanza; katika saa ya mwisho, ukitupa jicho unaona ni umbali gani umebaki kwa mshale kufika pale. Pete huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mishale, kwa makusudi: mzamiaji akiigonga kwa bahati mbaya, itamwonyesha kuwa muda mwingi zaidi umepita, kamwe si mchache, naye atapanda juu mapema. Wewe ukipenda kuweka dakika ya mwisho, itazame tena kila ukigonga mkono mahali, kwa sababu hapo kosa husogeza mwisho mapema.

Kronografu za betri zenye mashine kama Seiko VK63 huhesabu dakika 60 tu, kisha huanza upya. Kwa mtihani wa dakika 90, nazo pia zingekulazimu kukumbuka mzunguko wa kwanza.

Kuhusu matengenezo, otomatiki nyingi za bei nafuu zina mashine ya Seiko NH35, ambayo ikishajaa nguvu hutembea saa 41 hivi bila kuvaliwa. Ni ngumu, inapatikana, na ikiharibika sana mafundi wengi huibadilisha nzima badala ya kuhangaika nayo. Usitarajie usahihi wa betri, itakosa sekunde kadhaa kila siku. Irekebishe asubuhi ya mtihani. Kronografu ya mitambo (isiyo ya betri) ya bei rahisi sikushauri kabisa, kwa sababu sehemu zake ni nyingi na kuihudumia kunaweza kukaribia bei uliyoinunulia.

Najua sura nayo ina haki yake, kwani saa usiyoipenda hutaivaa. Kama moyo umegoma, nunua hiyo kronografu, lakini tafuta yenye 100 m, na ukiwa majini vitufe usiviguse. Kabla ya kulipa, ianzishe, isimamishe, kisha irudishe sifuri. Mshale mrefu wa sekunde lazima utue sawasawa kwenye namba 12. Ukitua pembeni kidogo, muuzaji aurekebishe mbele yako. Akishindwa, mrudishie saa yake.

Yoyote utakayochukua, kila inapofunguliwa, iwe kwa betri au kwa huduma, mwambie fundi aangalie raba na aipime maji kabla ya kukukabidhi.