Nilimdanganya mchumba wangu nina macho mabovu, kumbe naogopa kuendesha gari

Anti shikamoo, jina langu usiliweke tafadhali. Mimi kijana wa miaka 27, naishi Kimara, ni mhasibu kwenye ofisi moja Posta na kila siku nenda rudi napanda mwendokasi. Shida yangu sijui kuendesha gari na kujifunza sitaki. Mzee wangu kaendesha malori ya Tunduma maisha yake yote mpaka kastaafu yuko Mbeya sasa hivi, kwahiyo mtaani wanaona ni lazima nijue. Nilipomaliza fomu siksi alijaribu kunifundisha akanigombeza mpaka nikashuka nikaiacha gari katikati ya barabara nikarudi nyumbani kwa mguu. Mchumba wangu ana Passo, tukitoka ye ndo anaendesha, washkaji wameshanipa jina wananiita Abiria. Mwaka jana aliniuliza kwanini sijifunzi, nikamwambia daktari kanikataza macho yangu usiku hayaoni. Sasa harusi yetu mwezi wa kumi na mbili na yeye ameshaniwekea apointimenti kwa daktari wa macho Jumamosi hii na hela kalipa. Anti nilipokuwa mdogo likizo nilikuwa nasafiri na mzee kwenye lori, siku moja tunashuka Kitonga tukakuta lori la nyanya limelala, watu wanaokota nyanya na dereva bado yuko ndani. Sijui kama inahusiana maana ni zamani. Hata kwenye daladala siti ya mbele huwa sikai. Nijilazimishe tu? Na ni aibu kweli mwanaume kuendeshwa na mwanamke?

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako nacheka mpaka nilipofika kwenye nyanya, pale nikaacha.

Tuanze na Jumamosi maana hiyo haisubiri. Hivi ulishajiuliza itakuwaje, umekaa kwenye kile kiti, daktari anakumulika, anakusomesha zile herufi za ukutani mpaka mstari wa chini kabisa unazimaliza zote, alafu anakwambia kijana macho yako mazima hongera, na mwenzio yuko nje kwenye benchi na risiti mkononi anasubiri majibu? Utatoka umwambie nini, kwamba umepona? Au utajifanya huoni herufi upewe miwani usiyoihitaji uanze kutembea nayo mpaka kwenye picha za harusi? Na hata ungekuwa na macho mabovu kweli, mji huu umejaa watu wanavaa miwani yao na wanaendesha, kwahiyo huo uongo wenyewe hata haukuwa na miguu, sema yeye anakupenda ndo maana aliumeza bila maji.

Mwambie kabla. Na usimwambie akiwa anaendesha, nakusihi sana, wala kwa meseji. Mkae chini sehemu mmetulia, umwambie ile habari ya macho niliitunga, ukweli naogopa gari na nilikuwa naona aibu kukwambia. Basi hapo unyamaze. Usianze kumsingizia mzee wako, usianze na utani, na usimwambie ni uongo mdogo tu kwa sababu ukubwa wake atapima mwenyewe. Atanuna, tena anaweza akanuna siku kadhaa, maana mwanamke aliyebakiza miezi michache kuolewa akishika uongo mmoja anaanza kurudi nyuma kukagua na mengine yote uliyowahi kumwambia, mpaka ile siku simu ilizima chaji. Mwache akague. Hela ya daktari mrudishie, au mwende tu mkapime wote wawili kwani kupima macho kuna ubaya gani.

Haya, sasa hofu yenyewe.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kupita, Kitonga ni ule mlima wa njia kuu ya kwenda Iringa, ukishavuka Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda kwenda Ilula, upande mmoja jabali upande mwingine korongo, kona juu ya kona. Huko juu Ilula ndo kwenye nyanya, msimu wake maroli yanashuka nazo usiku na mchana kuja Dar. Na lori lenye mzigo pale huwezi kulishusha kwa kukanyaga breki tu, breki zinapata moto zinafika mahali hazishiki kabisa, ndo maana madereva wa zamani wanasema mlima uliopandia gia fulani ushuke na gia hiyohiyo. Mzee wako hiyo anaijua kuliko mimi. Wewe ulikuwa mtoto juu ya kiti cha lori, umeinuka kuliko gari zote, unaona vizuri kabisa, na siamini kilichokutisha ni ajali peke yake. Kilichokutisha ni watu kuinama kuokota nyanya huku mtu yuko ndani anakufa au ameshakufa. Mtoto akiona hivyo na asipate mtu wa kumkalisha chini akamuelezea, anabaki nalo hivyohivyo alivyolibeba.

Unasema eti sijui kama inahusiana, alafu maneno yanayofuata palepale unaniambia siti ya mbele hukai. Mwanangu, umejijibu mwenyewe.

Ila pia nisikuonee, kuna vitu viwili hapa umevichanganya, kuna kuogopa na kuna kutotaka, na kutotaka sio ugonjwa. Mtu anayetoka Kimara kwenda Posta na mwendokasi ina njia yake tangu 2016, gari ya nini? Akajipange Ubungo, akatafute pa kupaki mjini alipie, mafuta yapande, trafiki amsimamishe, wakati basi linapita pembeni yake linamuacha na foleni yake. Najua nalo lina adha zake, asubuhi mnabanwa mpaka simu mfukoni huwezi kuitoa, lakini kimahesabu na wewe mhasibu sina haja ya kukupigia. Kuna watu wazima wenye akili zao na hela zao hawaendeshi na hawana mpango na dunia inaenda.

Sasa jiulize swali moja, usinijibu mimi. Ungeamka kesho ile hofu imeondoka yote, ungeenda kujifunza? Kama jibu ni hapana, basi wewe hutaki tu, mwambie mwenzio hivyo na mzee mwambie hivyo yaishe. Ila mimi nahisi jibu ni ndiyo, kwa sababu kitu usichokipenda tu huwezi kukidanganyia mwaka mzima, kuna mtu gani anasingizia ugonjwa wa tumbo kwa sababu hapendi bamia? Anasema sipendi bamia anapewa mchicha.

Na kuna jambo lingine hujaliandika ila mimi nimeliona. Mkioana nyumba yenu itakuwa na watu wawili na dereva mmoja. Kila harusi, kila msiba, kila kutoka usiku, yeye ndo haruhusiwi kuchoka. Wazazi wako Mbeya, kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800, mkitaka kwenda kusalimia na ile Passo atazishika zote peke yake kwenda na kurudi, na njia inapita wapi? Kitonga. Na wewe utakuwa umekaa siti ya mbele. Mwaka huu nendeni na basi jamani, wala msimwambie mtu kwanini.

Kwahiyo kama utaamua kujifunza, isiwe kwa kujilazimisha, hiyo ya kufumba macho ukaruka ndo iliyokushusha kwenye gari ya mzee wako. Kwanza jiangalie mwili unafanyaje. Kama ukikaa mbele unatoa jasho mikononi moyo unadunda huwezi kupumua vizuri, au ile picha ya Kitonga inakujia ndotoni, anza na mtu wa ushauri nasaha, hao wapo kwenye hospitali kubwa na pale Muhimbili kuna idara nzima ya afya ya akili, wala sio kwamba wewe ni chizi, wanaoenda pale wengi wametoka kazini na tai shingoni kama wewe. Alafu wakati huohuo anza kidogokidogo, panda daladala kaa mbele kituo kimoja tu ushuke. Siku nyingine viwili. Kwenye ile Passo ikiwa imepaki nyumbani haijawashwa kaa kwenye usukani, shika, kanyaga breki, angalia vioo vya pembeni, cheza na indiketa, shuka nenda kale. Kesho yake washa, isiende popote, sikiliza tu inavyounguruma. Watu wataona unacheza, na waone.

Mwalimu asiwe baba yako. Mzee aliyeishi na lori barabarani miaka yote hiyo ameshaona vifo vingi kuliko unavyodhani, kila kosa lako dogo yeye analiona lilipoishia, ndo maana anapayuka, simtetei kwa kelele zake ila najua zinakotoka. Na mchumba wako naye asikufundishe hata akisema ana subira, mtakuja kugombana kwa ajili ya rivasi mpeleke kesi kwa wazee. Nenda chuo cha udereva, VETA wanafundisha na vipo vyuo vingine vingi, tafuta chenye mwalimu mtulivu na siku ya kwanza kabisa umwambie mimi ni muoga niende taratibu, akikucheka hama chuo. Utapata lena yako, ile leseni ya kujifunzia, utabandika L nyekundu mbele na nyuma, na hautaendesha bila mtu mwenye leseni pembeni yako. Ukiiva unaenda kutahiniwa na trafiki, ukifaulu unalipia TRA unachukua leseni yako ya miaka mitano. Atatokea tu mtu wa kukwambia kuna njia ya mkato toa kitu kidogo leseni inakuja yenyewe, usithubutu, wewe na hofu yako ndo wa mwisho kabisa duniani kuhitaji leseni ya mchongo, kwa sababu utakuwa na kadi mfukoni na mikono inatetemeka vilevile na sasa huna tena kisingizio.

Mambo ya gia usikubali yakuchanganye. Watakwambia dereva wa oto, ile gari inayobadili gia yenyewe, sio dereva, hao wengi wanaendesha IST na zenyewe ni oto. Klachi utajifunza chuoni, ila mazoezi ya nyumbani ya kuzoea barabara tumia hiyo Passo, na lena yako na mtu wa pembeni, mguu mmoja kazi mbili breki na mafuta. Anzeni Jumapili asubuhi mapema watu wako makanisani na waliobaki wamelala, barabara za ndani ndani huko, hamsini kwa saa na wala usiifikie. Mwenge baadae, ile interchenji ya Ubungo baadae zaidi, Kariakoo ikikushinda iache, kuna watu wana leseni miaka na miaka na Kariakoo wanapaki mbali wanaingia kwa bajaji. Bodaboda atakupita kushoto na kulia kwa wakati mmoja, daladala atakuchomekea na konda atakutukana juu, huyo usimjibu, punguza mwendo mpishe aende anakokwenda. Na muoga ana faida moja ambayo hawakwambii, muoga anaangalia vioo. Anayenitisha mimi ni yule kijana anayetanua pembeni ya lami kwa mkono mmoja na simu kwenye mkono wa pili.

Mzee wako sio kwamba umtenge kwenye hili. Mpigie, ila sio kumuuliza gia. Muulize kama anaikumbuka ile siku ya nyanya, na walimfanyaje yule dereva, mana mtoto huwa anaona nusu ya tukio na nusu nyingine anajazia mwenyewe, na ya kujazia mara nyingi ndo mbaya zaidi. Inawezekana alishuka akaenda kusaidia kumtoa na wewe akakwambia ubaki ndani usichungulie. Sijui, muulize yeye.

Na mpaka hapo utakapopata leseni, uwe abiria wa maana. Mafuta weka wewe nusu au zaidi, usisubiri taa ya njano iwake. Gari ikienda kuoshwa peleka hela. Akiwa anaendesha usimfanyie "angalia angalia" kila boda akikatiza, najua mguu wako unakanyaga breki ambayo haipo huko kwako, ukanyage kimyakimya. Akichoka mwambie wewe mwenyewe leo tuchukue bolti au tulale hukuhuku, usimsubiri aseme.

Swali lako la mwisho, eti ni aibu mwanaume kuendeshwa na mwanamke. Aibu iko wapi? Mbona dada wa watu akikupikia na kukufulia hawaoni aibu, aibu inaanzia kwenye usukani? Mwanamke kanunua gari kwa hela yake, anaiendesha, anakufikisha na mmoja wenu hajapata hata mkwaruzo. Hao washkaji wanaokuita Abiria muombe mwenyekiti wa kamati akusomee daftari la michango ya harusi, uone wangapi wameshamaliza ahadi zao, alafu ndo uamue kelele zao uzipe uzito gani.