Nina Selimundu na Ninatunza Mbwa wa Watu: Je, Niache?

SWALI

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mkazi wa Isevya, Tabora Mjini, na ninaishi na selimundu (sikoseli) tangu kuzaliwa. Miaka miwili iliyopita jirani yetu, mfanyakazi wa reli, aliniomba nimlishie mbwa wake kila anaposafiri kwenda Kigoma. Wenzake walisikia, na sasa nina mabanda 6 uani ambamo ninalaza mbwa kwa shilingi 5,000 kwa usiku mmoja, na kila Jumamosi ninaogesha mbwa na kuwatoa kupe. Kazi hii ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Juni iliyopita niliogesha mbwa 3 asubuhi kwa maji ya bomba, na usiku huo huo maumivu ya miguu na mgongo yakanishika hadi nikalazwa siku 4. Mdogo wangu alikuwa msibani Urambo. Mbwa 4 walikaa siku moja na nusu bila chakula wala maji, mpaka jirani alipowasikia wakilia akaruka ukuta kuwapa maji. Mmoja wa wateja alikuja kumchukua mbwa wake kwa maneno makali, kisha akawaambia wengine kwamba mgonjwa hawezi kukabidhiwa kiumbe hai. Mama naye anasema mbwa ndio wanaonizidishia ugonjwa. Je, niache? Na je, ninalazimika kuwaambia wateja kwamba ninaumwa?

M., Isevya, Tabora

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu mdogo wangu wa kuzaliwa naye aliishi na selimundu na ninajua usiku wa aina hiyo unavyokuwa kwa mgonjwa na kwa wanaomwuguza. Sioni sababu ya kuacha kazi hii. Ninachokiona ni kwamba uliipanga kwa kuzihesabu siku zako za nguvu peke yake, na mbwa anakula hata siku ambayo wewe huwezi kuinuka kitandani.

Nianze na mama, kwa kuwa yeye amekosea jambo moja na kupatia jingine. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, wala hakuna mbwa anayeileta au kuiongeza. Lakini baridi ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kuamsha maumivu, pamoja na kupungukiwa maji mwilini, kazi ya kuchosha mno na maambukizi, na wewe asubuhi ile ulijikusanyia vitatu vya kwanza kwa mkupuo. Kipupwe cha Juni na Julai cha Tabora hakihitaji kusaidiwa na ndoo ya maji ya bomba. Kuanzia sasa mbwa aogeshwe saa saba au saa nane mchana, kwa maji uliyoyapasha jikoni hadi yakawa vuguvugu, nawe ukiwa umevaa aproni ya plastiki na glovu ndefu za mpira, na nguo kavu ya kubadilisha ikiwa karibu. Chupa yako ya maji ya kunywa ikae juu ya ukuta wa banda, mahali ambapo macho yako yatakutana nayo kila unapoinua kichwa, na uinywe kabla kiu haijaja. Mwezi Oktoba, joto linapokuwa kali, jambo hili ni muhimu kuliko sabuni. Kubeba ndoo iliyojaa mwachie mwingine, au beba nusu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kwa watu wengi wenye selimundu, wengu huharibika tangu utotoni, na wengu ni kiungo kinachosaidia kusafisha damu dhidi ya bakteria wa aina fulani. Kinywani mwa mbwa mzima, asiye na ugonjwa wowote, huweza kuwamo bakteria aitwaye Capnocytophaga, ambaye watu wengi hawadhuriki naye hata wakiumwa na mbwa, ilhali kwa mtu ambaye wengu wake haufanyi kazi anaweza kuingia katika damu na kuua kwa muda mfupi. Kwa hiyo mkwaruzo wa jino ambao jirani yako angeufuta kwa kitambaa akaendelea na safari yake, kwako ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kama inavyoelekezwa kwa kichaa cha mbwa, kisha ukifika mapokezi neno lako la kwanza liwe kwamba una selimundu na umeumwa na mbwa, ili wafikirie dawa za kuua bakteria pamoja na chanjo ya kichaa. Usimruhusu mbwa alambe mkono wenye mchubuko. Homa ikifika nyuzi 38, hata kama hukumbuki kuumwa na mbwa, usisubiri ipungue kwa panadoli.

Ukienda kliniki, uliza mambo matatu: kama umekwisha kupata chanjo ya bakteria wa nimonia, kama unaweza kupata chanjo ya kichaa cha mbwa ya kujikinga kabla ya kuumwa, kwa kuwa kazi yako ni ya wanyama, na kama unafaa kutumia haidroksiyurea, dawa ambayo hupunguza idadi ya mashambulio ya maumivu kwa wengi wanaoitumia. Mbwa asiye na kadi ya chanjo ya kichaa usimpokee, hata akiletwa na mjomba wako. Nyama mbichi ya kuwalisha mbwa iwe na kisu chake na sufuria yake, kwa sababu bakteria wa salmonela huwapata wenye selimundu hadi ndani ya mifupa. Kutibu na kuchoma sindano si kazi yako. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imewaachia wataalamu waliosajiliwa.

Kuhusu wale mbwa 4 waliolia, ninaomba unisikilize bila kujilaumu. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa mbadala wako, na msiba ukamchukua. Unahitaji watu wawili wasioishi nyumba moja, kila mmoja akiwa na ufunguo wake wa geti, na walipwe, kwa maana msaada wa bure huchoka haraka. Jirani aliyeruka ukuta amekwisha kujionyesha. Mpe ufunguo yeye kwanza. Kisha piga msumari mmoja juu ya kila banda, utundike hapo mnyororo wa mbwa husika na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki: jina lake, anakula nini na saa ngapi, kama ni mkali, na simu mbili, ya mwenyewe na ya ndugu yake. Mtu ambaye hajawahi kufika hapo aweze kulisha mabanda yote akiwa na tochi tu.

Hayo yana gharama, kwa hiyo tupige hesabu. Pandisha bei iwe shilingi 6,000 kwa usiku. Tuseme chakula ni 1,500, msaidizi 1,000, na 500 iingie katika kibubu cha siku za kuugua. Kwako inabaki 3,000. Punguza mabanda kutoka 6 hadi 4, kwa sababu idadi sahihi ni ile ambayo mtu mmoja mgeni anaweza kuimudu usiku ambao wewe umelazwa. Mapato yatashuka kidogo mwanzoni, nami sikufichi hilo.

Je, uwaambie wateja? Jina la ugonjwa ni lako, na hulazimiki kumpa mtu yeyote. Hata hivyo, mwenye mbwa ana haki ya kujua nani atakuwa naye usiku, na kumficha kwamba kuna siku huamki si haki. Ninaona inatosha kumwambia hivi kabla hajalipa: "Nina tatizo la kiafya ambalo mara chache hunilaza, na likitokea, fulani na fulani ndio wanaolisha, simu zao hizi hapa." Atakayeondoka baada ya kusikia hayo, mwache aondoke. Wasaidizi wako wawili, lakini, wajue kila kitu, pamoja na mahali lilipo faili lako la hospitali.

Yule mteja aliyekuja kwa hasira alikuwa na haki kuhusu mbwa wake, na hakuwa na haki hata kidogo kuutangaza ugonjwa wako mtaani. Mwendee umwombe radhi kwa lile la kwanza, umweleze ulichokibadilisha, na usimwombe amrudishe mbwa. La pili mwambie kwa upole kwamba limekuumiza.

Kwa Juni na Julai zijazo, pokea mbwa 2 tu na uogeshaji uusimamishe hadi kipupwe kipite. Wajulishe wateja wako tangu Mei, ili wanaosafiri wajipange mapema.