Posti za sida: maswali yenu kuhusu ua wa nyumbani

Fundi ameleta posti nyekundu katikati na nyeupe pembeni, anasema zote ni sida. Nimwamini? (Nyahururu)

Rangi hiyo ni ya sida, yaani mtarakwa, lakini usiishie hapo. Chonga kichwa cha posti kwa panga, kisha unuse: sida hunukia penseli iliyochongwa sasa hivi. Saipresi ndani ni ya manjano iliyopauka, na harufu yake ni nyingine. Halafu pima ule weupe. Mafuta yanayozuia mchwa na kuvu yamo kwenye moyo mwekundu. Weupe huliwa kama mti mwingine wowote, na ukishaoza stepo, ile misumari ya miguu miwili inayoshika waya, hazina pa kushika, seng'enge inalegea. Posti nene yenye moyo mwembamba ni hasara. Afadhali nyembamba iliyopasuliwa kutoka mti mkubwa, nyekundu karibu yote. Muuzaji akikukataza kuchonga, nenda kwa mwingine.

Nina robo ekari, mchwa wamejaa, na sida ni ghali. Mkaratusi uliotiwa dawa utafaa? (Kitengela)

Utafaa, na kwa ua mrefu mimi ningechukua huo. Sida iweke pembeni na langoni, basi. Hakikisha dawa imeingizwa kiwandani kwa presha, si kupakwa kwa brashi. Ikibidi kukata posti, upande uliokatwa uwe juu, usiuzike, kwa sababu dawa haifiki hadi katikati. Vipande vinavyobaki visiende jikoni: dawa ile inayoacha rangi ya kijani mara nyingi ina aseniki, na moshi wake ni sumu.

Ila kwenu Kitengela mimi naogopa udongo mweusi kuliko mchwa. Unavimba mvua ikinyesha, unapasuka kiangazi, na posti zinaanza kuinama moja moja. Chimba futi mbili na nusu, na kila posti ya pembeni iwekewe mhimili wa kuitegemeza.

Nipake oili chafu sehemu inayozikwa?

La. Inachafua udongo, na huenda kisima pia. Posti huoza pale inapotokea ardhini, palipo na maji na hewa kwa pamoja. Shindilia udongo uinuke kuizunguka ili maji yateremke. Ukitumia zege, nalo lisiache kibwawa kuizunguka posti.

Ua wangu mpya umegeuka kijivu. Umeoza?

Ni jua tu. Kwaruza kwa kisu, utaona wekundu.

Kila nikigonga stepo, posti inapasuka. (Nakuru)

Sida hupasuka kirahisi kufuata nyuzi zake, ndiyo maana wapasuaji huitaka. Geuza stepo kidogo ili miguu yake miwili isiingie kwenye uzi mmoja. Na usiigongee hadi ibane waya. Waya uweze kuteleza unapouvuta.

Nimepata sida ya bei rahisi mno, lakini wanaileta usiku. Ninunue?

Achana nayo. Mtarakwa ni mti wa asili, na miti ya asili katika misitu ya serikali haivunwi kwa biashara. Marufuku ya ukataji miti ya 2018 ilipoondolewa 2023, iliyoruhusiwa ni miti ya kupandwa iliyokomaa. Sida halali hutoka mashamba ya watu, na husafirishwa kwa kibali cha Kenya Forest Service. Dai kukiona kabla lori halijashusha. Au uliza wanaobomoa ua za zamani: posti kuukuu iliyooza usawa wa ardhi, ukiikata hapo, juu bado ni nzima na inatosha ua wa kuku au bustani.